Misala ya Bi Tatu Mtandaoni

Mdogo wangu Yumna hutengeneza tovuti, hapa hapa Chake Chake, sebuleni kwetu. Mtu akimwambia kazi hiyo ni ya watu wa Dar, hununa mpaka chakula kikapoa. Ndivyo alivyo: mbishi, mcheshi, na sufuria haoshi ng'o!

Wasukaji ukili wa kijiji cha Shumba walimwomba awawekee mikeka yao mtandaoni. Mkubwa wao, Bi Tatu, hakutaka hata kusikia. "Kitu kizuri hakianikwi mbele za watu," alisema. "Kikipatwa na jicho la hasidi, nani atakizingua kipone?" Yumna akambembeleza wee, mpaka bibi akakubali wajaribu. Lakini akiona baya anaondoa vyake, na wenzake wote watamfuata.

Basi tukenda Shumba. Yumna alikuwa ameipanga mikeka yote katika safu moja ndani ya programu. Ukibofya "Misala", inachaguliwa misala ya kuswalia peke yake. Bi Tatu akapewa simu, akabofya. Misala yake hiyo, inang'ara! Akacheka kama mwari. Akarudi kwenye mikeka yote: misala hamna. Akabofya tena "Misala": patupu.

"Si niliwaambia! Jicho hilo!"

Bi Mwanabaraka, jirani yake, akakimbilia chetezo, na kufumba na kufumbua ukumbi mzima moshi wa ubani. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Yumna, laptopu mapajani, anakohoa na kucheka.

"Bibi, si jicho, ni mimi! Nimeiambia programu ichomoe misala kwenye safu, nayo ikaichomoa kweli, safu ikabaki bila. Ilitakiwa ichuje tu: inayotakiwa iipange katika safu mpya, ile ya asili isiiguse."

Akabadilisha mstari mmoja, akampa simu. Bi Tatu hakumwamini ng'o. Akabofya, akarudi, akabofya, akarudi, midomo inasoma Ayatul Kursi. Kila akirudi, misala yote ipo.

"Haya bibi," Yumna akauliza, "tuiondoe?"

Bi Tatu akainuka, akaingia chumbani. Akatoka na msala umekunjwa ndani ya kanga, rangi zake sijapata kuziona maishani.

"Huu nilikuficheni," alisema. "Upige picha, mwanangu. Uwe wa mwanzo kabisa, na jina langu uliandike kubwa."