Ukanda Mwekundu wa Turffontein

Sijawahi kuipenda nyumba ya kupanga kama nilivyoipenda ile ya Turffontein, huku kusini kabisa mwa Afrika. Ilikuwa ndogo, ya tangu enzi mtaa ule ulipokuwa kijiji tu cha wachimba dhahabu. Mlango katikati, dirisha kushoto, dirisha kulia, na mbele baraza lenye nguzo mbili za mviringo zilizobeba paa la pembetatu, kana kwamba aliyeijenga alitaka ikulu, pesa zikamwishia mlangoni. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka. Kisha nikakaa barazani, nikajua nimefika.

Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kireno, mjane, aliyezaliwa katika chumba kilekile alicholala. Vyumba vya nyuma tulipanga mimi na mume wangu, fundi wa vigae, pamoja na kaka mmoja wa Lubumbashi. Kila Jumamosi bibi alipiga magoti barazani, akaisugua sakafu ya saruji nyekundu kwa polishi na kitambaa mpaka ikang'aa. Na magoti yenyewe mabovu! Iliniuma kumwona. Kwetu Tanga, mtu mzima hasugui sakafu ilhali watoto wapo.

Mwaka mmoja akaanguka, akavunjika nyonga, akalazwa. Ramadhani ilikuwa ukingoni. Sasa, kwetu Idi haiikuti nyumba kama ilivyokuwa jana: ukuta utapakwa rangi, mapazia yatabadilishwa, kilichochakaa kitatoka. Mume wangu akasema, "Mke wangu, bibi akirudi asipige magoti tena. Tumpe Idi yake."

Tukafanya kazi kama wendawazimu, midomo mikavu kwa saumu. Mume wangu aliitindua kwa nyundo sakafu nyekundu ili saruji ya vigae ishike, akaifunika kwa vigae vyeupe. Nguzo nazo akazivisha vigae, zikawa za pembe nne. Madirisha ya mbao, yenye vioo vya kale vilivyoufanya mtaa uonekane unatikisika, tuliyang'oa tukaweka ya alumini. Ya zamani wakayachukua wale wanaosukuma mikokoteni ya taka. Kaka wa Lubumbashi alipaka rangi huku akiimba mapambio, ingawa Idi haikuwa yake.

"Eish, dada, huyu bibi atalia," akaniambia.

Bibi aliletwa siku ya Idi yenyewe. Akasimama getini na mkongojo wake, mkono mdomoni. Nikapiga vigelegele.

"Sakafu yangu iko wapi?" akauliza.

"Iko chini ya vigae, bibi," mume wangu akajibu kwa fahari. "Haitakusumbua tena."

Akatushukuru, akala biriani yetu, akaingia kulala. Miezi ikapita, akapata nguvu. Jumamosi moja nikamkuta ameketi kwenye kigoda kando ya kizingiti, palipobaki ukanda mwembamba mwekundu ambao vigae havikuufikia. Anausugua. Nikamtania, "Bibi, wewe hata ukipewa mapumziko unayakataa!" Akatabasamu kidogo, akaendelea.

Nyumba ile ilikuwa ya urithi, yake na ya mpwa wake, na mpwa alitaka kiwanja kiuzwe, yajengwe maghorofa. Bibi hakuogopa. Alituambia nyumba kongwe kama ile haivunjwi bila kibali, na mkaguzi wa majengo ya kale akiona ina thamani, hakuna atakayeigusa. Tukafurahi. Hata nikafagia baraza mara mbili asubuhi aliyokuja mkaguzi.

Bibi alimpa picha ya zamani ya nyumba. Yule bwana akaitazama picha, akatazama nguzo. Akatazama picha tena, akatazama dirisha. Akauliza mbao ziko wapi. Akauliza kuhusu sakafu, na mume wangu, ambaye hajui kusema uongo, akamweleza alivyoitindua.

"Hii ya kwenye picha ningeipigania," mkaguzi akasema kwa upole. "Hii iliyo mbele yangu, sina la kuandika."

Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini ya kwetu hayakungoja hata tuzae. Nilimkasirikia mkaguzi, nikamkasirikia mpwa, mwishowe nikamkasirikia bibi mwenyewe. Nikamfuata chumbani.

"Kwa nini hukutugombeza siku ile? Tungeyatafuta madirisha!"

"Mlifanya kazi mkiwa na njaa, mwanangu," akasema. "Ningewaambia nini?"

Niliona aibu ambayo mpaka leo sijui niipeleke wapi.

Kiwanja kikauzwa. Siku ya kuhama, mizigo yetu na yake ilikuwa imeshapakiwa, na mpwa anapiga honi getini. Bibi akatoka, akafika kizingitini, akavua viatu. Akausogelea ule ukanda mwekundu, akasimama juu yake pekupeku, kwa miguu yote miwili. Ulimtosha nyayo tu. Mume wangu akageukia ukutani, na sote tukasubiri mpaka alipovaa viatu vyake.