Bi Swichi na Disketi ya Mvua

Kwa miaka thelathini na moja alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha, ghorofa ya chini ya hospitali ya rufaa, akiunganisha simu. Ubao ulikuwa mbele yake, matundu mia na ishirini, na kila tundu alilijua kwa kichwa: maabara arobaini na mbili, jiko kumi na tisa, mganga mkuu tano. Watu walimwita Bi Swichi, na jina likamganda hata baada ya kustaafu. Sauti yake ilijulikana hospitali nzima, lakini sura yake waliijua wachache. Siku moja daktari aliyefanya naye kazi miaka tisa alikutana naye kwenye ngazi akamwuliza, "Mama, unamtafuta mgonjwa gani?"

Miaka miwili kabla ya kustaafu kwake, hospitali ilifunga mtambo unaojiunganishia simu wenyewe. Ubao wake uling'olewa asubuhi moja kabla ya saa nne, naye akahamishiwa masjala kupanga mafaili. Tangu hapo hakutaka kusikia habari za kompyuta. Kaka yake, mwalimu wa jiografia, alikuwa nayo moja ya nyumbani, ya kizamani kweli, ile ambayo kibodi ndiyo kompyuta yenyewe na unaichomeka kwenye runinga. Alimwalika mara mbili aje aione. Bi Swichi alisema atakuja, na hakwenda.

Kaka alipofariki, vitu vyake vilikwenda kwa binti yake wa pekee, mhandisi wa ofisi ya maji. Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, binti huyo alipiga simu.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Mbona sauti imekauka hivyo?"

"Nimeharibu kazi ya Baba."

Kazi yenyewe ilikuwa mvua. Mwalimu alikuwa ameipima kwenye uwanja wa shule kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa. Madaftari yalikwisha kuliwa na mchwa stoo; kilichosalia ni disketi moja, pamoja na programu aliyoiandika kwa mkono wake. Ofisi ya maji ilikuwa inataka kujenga kalavati mtaa wa bondeni, mahali barabara hukatika kila msimu, na eneo lile halikuwa na vipimo vingine. Binti akaiwasha kompyuta, akaiendesha programu. Ikamwuliza: moja kuongeza, mbili kusoma, tatu kuhifadhi. Akabonyeza tatu, kwa kuwa neno kuhifadhi lilimpa imani. Draivu, lile kasha la kusomea disketi, likaguruma kidogo. Kisha akabonyeza mbili ili asome. Kioo kikaandika: HAKUNA KITU.

"Sasa nafikiri niizime, niwashe, nirudie yote tangu mwanzo," alisema binti. "Pengine safari hii itakubali."

"Usiguse. Itoe hiyo disketi, iweke kwenye bahasha. Nakuja."

Kuhusu disketi hakujua lolote. Alichojua ni kwamba simu ikikatika, anayeanza kuchomoa waya ovyo ovyo hukata na za wengine.

Alimkuta binti mezani, macho mekundu, runinga ikiwaka bure. Pembeni kulikuwa na karatasi ndefu ya printa, yenye vitundu kandokando, ambayo Mwalimu alichapia programu nzima mstari kwa mstari. Bi Swichi akavaa miwani.

"Mingi naielewa," alisema binti. "Hesabu, marudio, maswali. Ila hii ndiyo inanishinda." Akaweka kidole penye OPEN 15,8,15. "Sisi chuoni tulifundishwa lugha nyingine, na kitabu cha hii sijakiona."

Bi Swichi aliisoma karatasi yote kimya kimya, kama nusu saa. Chai ikapoa. Kisha akauliza, "Hapa panapoandikwa OPEN 4,4 panafanya nini?"

"Panapeleka maneno kwenye printa."

"Kila penye printa pana nne?"

Binti akapitia. "Ndiyo."

"Na kila penye disketi, namba ya katikati ni nane."

"Kweli."

"Basi nne ni ekstensheni, namba ya ndani, ya printa, nane ni ya draivu. Namba ya kwanza ni waya nilioushika mimi huku, naweza kushika wowote. Ya pili ni chumba ninachopigia. Ya tatu ni nani apokee humo chumbani."

"Na huyo kumi na tano ni nani?"

"Subiri. Hapa baba yako anampigia namba mbili wa chumba hicho hicho, anachukua vipimo kwake au anampa vipimo. Lakini kumi na tano hapewi vipimo hata siku moja. Anapewa amri. Huyo atakuwa mkubwa wa zamu."

Binti alicheka, mara ya kwanza tangu asubuhi.

Amri zilikuwa mbili tu, na zilikaa pamoja, kwenye sehemu ile ya kuhifadhi. Mstari wa 410 ulipeleka "S0:ZAMANI". Wa 420 ulipeleka "R0:ZAMANI=MVUA". Baada ya hapo mstari wa 430 ulifungua faili jipya liitwalo MVUA na kuanza kuandika.

Kubahatisha hawakutaka. Ndani ya boksi kulikuwa na disketi tupu, wakaitumia hiyo kwa majaribio. Binti akaandika faili dogo la namba tatu, akaliita MOJA. Akapeleka amri ya R: "R0:MOJA=MBILI". Taa nyekundu ya draivu ikaanza kupepesa na hakuna kilichobadilika.

"Umegeuza," alisema Bi Swichi. "Wewe umeanza na MOJA, faili lililopo. Baba yako ametanguliza jina jingine, faili lililopo akaliweka mwisho."

Binti akageuza. Walipoitisha orodha ya mafaili, MOJA halikuwepo, lilikuwepo MBILI. Wakapeleka amri ya S. MBILI nalo likatoweka. Bi Swichi akataka warudie mara mbili zaidi, na kila mara ikawa vilevile.

"Kwa hiyo S inafuta," alisema binti polepole, "na R inabadilisha jina. Kila Baba alipohifadhi, alifuta nakala kuukuu, akaipa ya sasa jina la ZAMANI, ndipo akaandika mpya."

"Na wewe ulipobonyeza tatu, kompyuta ilikuwa haijasoma kitu."

"Ikaandika MVUA tupu. Vipimo vyenyewe vikageuzwa ZAMANI." Akaweka kidole kwenye karatasi. "Shangazi, ningebonyeza tatu tena, mstari wa 410 ungeanza na hiyo hiyo ZAMANI."

"Ungeifuta."

Kabla ya kuirudisha disketi ya mvua, Bi Swichi aliuliza kama hakuna namna ya kuifunga isiandikike. Binti akakumbuka kwamba baadhi ya disketi za boksini zilikuwa na kijipande cha stika ya rangi ya fedha kwenye pengo la ubavuni. Wakabandika moja kwenye disketi ya majaribio. Draivu ikakataa kuandika. Wakabandika nyingine kwenye ile ya mvua. Kwenye mstari wa kusoma, binti akafuta neno MVUA akaweka ZAMANI, halafu akabonyeza mbili.

Draivu ikaguruma dakika mbili nzima. Kisha namba zikaanza kupanda kwenye kioo, mwezi kwa mwezi: jumla ya mvua, na siku iliyonyesha kuliko zote.

Binti alisoma, shangazi akaandika. Walipofika mwaka wa nane, miezi mitatu mfululizo ilisomeka HAIKUPIMWA.

"Hapa labda kifaa kiliharibika," alisema binti.

"Hapana. Ndipo bibi yako alipolazwa." Bi Swichi aliweka kalamu chini. Miezi ile Mwalimu alikuwa wodini kwa mama yao tangu alfajiri, na saa nne alikuwa akishuka chumba cha simu, akikaa kwenye kiti cha akiba bila kuongea, huku dada yake akiunganisha watu. "Endelea," alisema baadaye. "Mwezi wa saba."

Walimaliza saa kumi jioni. Siku kubwa kuliko zote ilikuwa mwaka wa kumi na moja, milimita mia na arobaini na tatu. Jumatatu binti alipeleka namba ofisini, na mchoro wa kalavati ukabadilishwa kutoka bomba moja kwenda mawili makubwa. Misimu miwili imepita, na barabara ya bondeni haijakatika.

Kompyuta iliishia kwa Bi Swichi. Binti alipomwuliza ataifanyia nini, alijibu tu, "Aliniita mara mbili." Ameiweka sebuleni, na habari zikaenea. Fundi saa mmoja alimletea disketi tatu za marehemu mwenzake. Mbili zilikuwa michezo, ya tatu orodha ya wateja. Karani mstaafu wa stesheni ya reli amemletea nyingine, ambayo amri zake kwa kumi na tano zinaanza na herufi U, kisha zinafuata namba nne mbalimbali. Hiyo bado haijamfungukia. Ameitengea disketi ya majaribio, na kila asubuhi baada ya kufagia anabadili namba moja aone kitakachotokea.