Simu ya Mzee Nyaga

Walisema sitaweza. Mtoto aliyekulia kwenye majani chai ya Manyatta, akaenda ng'ambo kuosha vyombo hotelini, ataamuruje kompyuta? Nilirudi na diploma ya kompyuta, mwanangu, niliyojisomesha mwenyewe, na kijijini kwetu hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Niache niitaje, niliitolea jasho. Lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote ni asubuhi moja ambayo sikuelewa chochote.

Kituo chetu cha majani chai kilinipa kazi ya kuwaarifu wakulima kwa simu lori la kubeba majani linapobadilisha saa. Niliandika skripti, yaani orodha ya amri za kompyuta, yenye mzunguko: chukua mkulima, mtumie ujumbe, rudia mpaka waishe. Siku hiyo lori lilikuwa linakuja asubuhi badala ya alasiri. Nikaiwasha alfajiri. Kompyuta ikaandika "umetumwa, umetumwa", mstari chini ya mstari, nami nikaagiza chai.

Lori likafika. Kituoni hapakuwa na hata gunia moja.

"Diploma," mwenyekiti wa kituo akaniita, maana ndilo jina walilonipa, "watu wako wapi? Dereva anasema adhuhuri anaondoka."

Majani yakilala bila kuchukuliwa, kiwanda huyakataa. Jasho la kijiji kizima lingemwagwa kwa sababu yangu. Nikaisoma skripti. Kila amri ilikuwa sahihi. Nikaisoma kutoka chini kwenda juu. Sahihi. Nikamuuliza karani wa kituo, naye mkulima kama wengine, kama amepata ujumbe; hakupata. Sasa jumbe zote zile zilikwenda wapi?

Ndipo nikaona wanawake wakipita, kuni mgongoni, sukari mkononi. Wakaniambia kwa Mzee Nyaga kuna msiba. Simu yake inalia tangu alfajiri bila kunyamaza, na kwetu simu ya namna hiyo huleta habari ya kifo tu.

Mzee Nyaga alikuwa mwanachama wa kwanza wa kituo, na jina lake ndilo lililoanza orodha yangu. Nilimkuta uani kwake, mzima, akipokea pole, simu ikilia mfukoni. Hakujua kusoma.

"Wamekuja kulia na mimi," akaniambia, "na hakuna anayeniambia nani amekufa."

Nikaitazama simu. Ujumbe wangu, ule ule, umejaa kote. Nikamshika mkono nikaomba radhi. Nikamshika tena. Nyuma yangu watu walikuwa wamepanga foleni.

"Kijana, umeshanisalimia. Nenda kwa anayefuata."

Hapo nikaelewa. Skripti yangu haikuwa na amri ya kwenda kwa anayefuata. Ilimtumia wa kwanza, kisha ikarudi kwa yuleyule.

Niliwaambia waliokuwepo wakachukue magunia yao, nami nikakimbilia kompyuta kwa ajili ya wengine. Niliongeza mstari mmoja tu. Kabla ya adhuhuri njia zote zilijaa watu, na lori likaondoka limeshiba. Sukari Mzee Nyaga alikataa kuirudisha.

Mwanangu, ukiandika mzunguko, usitazame tu kile unachorudia. Andika kwanza utakavyosogea, na utakaposimama. Ujaribu kwa watu wawili, kwa sababu mtu mmoja hatakuonyesha kosa. Na kompyuta ikikwambia imetuma, muulize mtu kama amepokea. Mungu akubariki, akupe subira siku usiyoelewa kitu, na kazi ya mikono yako imfikie hata yule wa mwisho.