Maneno Ambayo Sikumwacha Ayamalize

Mwanangu, iko siku moja ambayo sijaweza kuisahau, na nimejaribu. Ni siku tuliyompa jina kaka yako mkubwa, Harerimana, katika nyumba moja ya Kagarama ambayo wewe hukuwahi kuingia ndani yake. Watu wakisimulia siku za namna hiyo hucheka. Mimi naona haya, ndiyo maana nimekaa nayo miaka yote hii bila kukwambia. Lakini wiki iliyopita ulikuja hapa uso unang'aa, ukasema Mungu amekupa ile kazi, nafasi ya yule mwenzako aliyefukuzwa kwa kusingiziwa. Ukaniambia nimshukuru Mungu pamoja nawe. Nikakohoa, nikaenda jikoni kutazama maharage. Maharage hayakuwa na shida yoyote.

Basi kaa, uache hiyo simu, nikuambie.

Tulirudi Rwanda mwaka tisini na nne, mauaji ya kimbari yalipokuwa yamekomeshwa tu. Nasema tulirudi, lakini mimi nilikuwa sijawahi kuikanyaga. Nilizaliwa Bujumbura kwa wazazi wakimbizi, nikakua nikisimuliwa nchi ambayo maziwa hayaishi. Lori lilitushusha Nyabugogo, mjini Kigali, mimi na baba yako Bonifasi na shangazi yake Felisita, na mimba yangu imenitangulia mbele. Vibanda vya soko vilikuwa vimebomolewa, watu wachache, na mbwa wamenona, na hakuna kati yetu aliyetaka kusema wamenona kwa nini. Shangazi Felisita alipiga magoti palepale kwenye vumbi. Mimi nilikuwa nawaza pa kulala.

Wakati ule nyumba nyingi mjini zilikuwa tupu. Wenyewe walikuwa wameuawa au wamekimbia, na sisi tuliotoka nje tulikuwa wengi, hatuna kwetu. Mtindo uliozuka ulikuwa huu: unaingia nyumba usiyoona mtu ndani, unachukua kipande cha mkaa, unaandika jina lako kwenye geti, basi, unahesabiwa mwenyewe. Bonifasi aliandika lake kwa herufi kubwa kiasi kwamba halikuenea, ikabidi mwisho wake ashuke mstari wa pili. Tulimcheka sana.

Nyumba ilikuwa ya matofali, mlango wa mbele umevunjwa, na picha ya Moyo Mtakatifu bado iko ukutani. Niliposhika ukuta ule nililia kwa furaha. Sikujiuliza picha ile ilitundikwa na nani. Jumapili kanisani watu walisimama mmoja mmoja kumshukuru Mungu kwa nyumba alizowapa, wakawataja wana wa Israeli na nyumba ambazo hawakuzijenga. Nami nikasimama. Nilikuwa na sauti nzuri enzi zile, na niliitumia vibaya.

Kaka yako akazaliwa mule ndani. Siku ya kumtoa nje na kumpa jina, Shangazi Felisita ndiye aliyesimamia kila kitu, maana yeye alikimbia nchi akiwa mtu mzima na mila alikuwa anazijua. Unajua inavyokuwa: watoto wa jirani wanapewa vijembe, wanalima kipande kidogo cha ardhi, wananyunyiziwa maji kama waliokutwa na mvua shambani, wanakimbilia ndani kula, halafu kila mmoja anataja jina ambalo angependa mtoto apewe. Wageni nao wanataja yao.

Watoto walipoanza kulima karibu na ukuta wa nyuma, mama mmoja ambaye hatukumjua aliinuka kutoka kwa wageni. Alikuwa mwembamba, amevaa koti la mwanamume juu ya kitenge. Akawashika mikono taratibu, akawahamishia upande wa pili, kwenye mparachichi.

"Mulime hapa," akawaambia. "Hapa njo udongo iko muzuri."

Tukadhani ni mtu anayejua kilimo tu. Siku zile mgeni hakuulizwa ametoka wapi, kwa sababu jibu lingeweza kukuharibia siku nzima. Ulimpa sahani. Nilimpa ndizi na maharage kwa mkono wangu mwenyewe, akala akamaliza. Akanywa na ikigage, ile pombe yetu ya mtama, kwa mrija uleule tuliokuwa tunapokezana sote. Hilo lishike, nitalirudia.

Majina yakatajwa. Watoto walitaja ya kuchekesha, wakubwa wakataja ya shukrani. Mimi nilikuwa na langu tayari, nilitaka aitwe Nshimiyimana, namshukuru Mungu, kwa ajili ya nyumba. Zamu ilipomfikia yule mama, alimwomba mtoto, akampakata, akamtazama kwa muda. Akasema, "Harerimana." Ni Mungu alezaye. Alilisema kama anayemwita mtu anayemfahamu. Bonifasi, ambaye kwa mila alipaswa kusubiri jioni ndipo atangaze, akasema palepale kwamba ndilo hilo. Shangazi akamkemea kwa pupa yake, watu wakapiga makofi, na jina likakaa.

Wageni walipoondoka, yule mama alibaki. Mtoto alikuwa bado mikononi mwake, amelala.

"Mubyeyi," akaniita, ndivyo tunavyomwita mama kwa heshima. "Ile jina ilikuwa ya mtoto yangu wa mwisho. Alizaliwa mu chumba hiki. Mimi njo mwenye nyumba. Naitwa Spesioza. Nilikuwa nataka kuku..."

Hakumaliza. Nilimkatiza, mwanangu. Mpaka leo nasikia jinsi sauti yangu ilivyopanda. Nilimwambia tumeteseka ugenini tangu kabla sijazaliwa, tumelia na kufunga na kuomba, na Mungu mwenyewe ndiye aliyetupa nyumba hii, na alichotoa Mungu mwanadamu hawezi kukinyang'anya. Bonifasi akasema, akitazama chini, kwamba kama ana malalamiko aende komini, kwenye ofisi ya serikali. Nilisema vile kwa sababu niliogopa. Nilikuwa na kichanga, mvua inakaribia, na niliona tumetupwa nje na virago vyetu kabla ya giza. Lakini sikusema ninaogopa. Nilisema Mungu.

Spesioza hakubishana. Alinirudishia mtoto, akamfunika miguu vizuri kwanza.

"Sawa," akasema. "Nitamuuliza huyo Mungu, mimi ameniweka wapi."

Akatoka, akapita getini penye jina letu la mkaa.

Shangazi Felisita alikuwa anaosha sahani. Aliziosha zote kwanza, moja moja. Alikuwa mtu wa kuvuta maneno, anaweza kukuacha unasubiri mpaka ukatamani akupige kofi yaishe.

"Wee mwana," akasema hatimaye, "umemufanya Mungu kufuli ya mulango."

Nikamwambia mimi ninamtegemea Mungu, yeye je?

"Mutu anayemutegemea Mungu haogopi kusikiliza neno mupaka mwisho. Yule mama alikuwa anasema. Alikuwa anataka nini?"

Sikujua. Nikasema alitaka nyumba, angetaka nini kingine.

"Hujui," akasema, akaanika kitambaa chake. "Hujui, na umemufukuza."

Nilimkasirikia. Nikaenda chumbani nikapiga magoti, nikaanza novena, sala ya siku tisa, ya kuomba yule mama asirudi. Unaona nilikofika? Mvua zikaanza. Jina la mkaa likafutika, Bonifasi akaliandika upya kwa rangi. Mimi nikawa kila nikisikia mtu getini roho inaruka. Na kila nilipomwita mwanangu, nilikuwa namwita mtoto wa Spesioza. Nikimwogesha, Harerimana. Nikimnyamazisha, Harerimana. Nilijaribu kumpa jina jingine la kumdekeza, halikushika. Niliwahi kufikiri kwamba amani ni kuwa na paa, lakini nyumba ile ilininyima usingizi kuliko maturubai ya ukimbizini.

Karibu na Noeli nikashindwa. Nikamwambia Shangazi twende tukamtafute. Hakuniuliza kwa nini, alikuwa ameshavaa viatu. Tuliuliza kwa wajane, tukaelekezwa Rebero, kule mlimani. Tulimkuta katika nyumba isiyo na paa, wamefunika chumba kimoja kwa plastiki, wamejaa mle akina mama tu, kila mmoja na kikohozi chake. Spesioza alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu imevimba. Alimtambua mtoto kabla ya kunitambua mimi.

Nilimwambia tunamrudishia nyumba yake. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, nikayasahau. Nikamwambia pia nilichopaswa kumwambia siku ile: kwamba niliogopa. Akanisikiliza mpaka mwisho, yeye.

Halafu akasema, "Siku ile sikukuja kufukuza watu. Nilikuwa nataka kukuomba chumba moja. Ile ya nyuma."

Nikamuuliza kwa nini cha nyuma.

"Watoto yangu iko pale inje, kwa ukuta. Jirani aliwafunika na udongo pale. Nilikuwa nataka kukaa karibu, na siwezi kukaa peke yangu. Nilisikia mtoto yako analia ndani, nikasema, Mungu asante, nyumba iko na mtoto. Nikaomba nguvu ya kuingia. Akanipatia nguvu ya siku moja."

Nilimwambia aje, aje leo, vyumba vyote ni vyake, sisi tutakaa hicho kimoja. Akatikisa kichwa. Alisema ile nguvu imekwisha. Kaka yake alikuwa amempata, anakuja kumchukua kwenda kwao kusini, na nyumba ataishughulikia huyo kaka. Hakulisema kwa uchungu. Ningependa angelisema kwa uchungu. Shangazi Felisita aliweka kichwa chake begani mwa Spesioza, wakakaa hivyo, na mimi nikabaki nimesimama na mtoto, sina pa kuweka macho.

Unaelewa, mwanangu? Mimi nilikuwa namwomba Mungu tusitupwe nje. Yeye alikuwa anamwomba Mungu asikae peke yake. Mungu alikuwa ametujibu wote wawili kwa jibu moja, akalileta mpaka sebuleni, likala ndizi zangu, likampakata mtoto wangu. Nililifukuza, nikataja jina la Mungu nikilifukuza.

Tulihama. Na lile nililoliogopa, la kufa kwa mvua na kichanga mgongoni, halikutokea. Muumini mmoja alitupa vyumba viwili vya udongo palepale Kagarama, vinavuja, tukavumilia, mkalelewa humo nyote. Kwa hiyo hata hofu yangu haikuwa na maana yoyote. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ukitaka kujua.

Spesioza alikuwa anakuja kila mwezi wa nne, mwezi wa maombolezo, kuwatembelea watoto wake pale ukutani. Nilikuwa nakwenda kusimama naye. Alinisamehe, alisema hivyo kwa kinywa chake mbele ya padri, na namwamini. Alimshika kaka yako kichwani na kumpima urefu kwa mkono. Baadaye nilimkaribisha nyumbani, na alikuja, akaketi. Nikamwekea chai, akasema ameshiba. Nikamwekea ikigage, akasema daktari amemkataza. Nikamwekea maji. Akayatazama, akashukuru, akayaacha. Wewe umekulia Kigali, unajua maana ya mtu kuketi kwako na asinywe: kwetu ni kusema hakuamini. Hakuwa ananidharau. Moyo ulisamehe, koo likakataa. Alikufa mwaka juzi, Mungu amrehemu, na tangu siku ile ya jina hakuwahi kumeza hata tone kutoka mkononi mwangu.

Sasa nisikilize wewe. Sisemi uikatae kazi, sijui ya ofisini kwenu. Nasema hivi: kabla hujaketi kwenye kiti kile, nenda kwa yule mwenzako. Mwache aseme. Kama kuna ukweli unaoujua na hukuusema mbele ya wakubwa, ukauseme. Akianza kuzungumza utatamani kumwambia kwamba ni mapenzi ya Mungu. Meza mate, unyamaze, msikilize mpaka amalize. Kumwachia Mungu matatizo yako si kushika ulichonacho kwa mikono miwili na kukiandika jina lake kwa mkaa. Ni kufungua mikono ukiwa bado unaogopa, ukiamini kwamba mwenzako akishamaliza kusema, hata akisema usilotaka, Mungu hatakuwa ameondoka chumbani. Mimi sikuamini hivyo. Niliimba kuliko wote kanisani, na sikuamini.

Nenda sasa, kabla hajahama mji. Mungu aliyemlea kaka yako akulee na wewe. Akupe paa, na akupe moyo usioogopa anayebisha hodi chini ya paa hilo. Na uishi miaka mingi, watu wakiingia kwako, waketi, wanywe.