Kopo la Ugoro la Bibi Monika

Mlinzi wa shule ninayofundisha ana tabia ya kunusa ugoro chini ya dirisha la darasa langu. Asubuhi moja nilikuwa nimegeukia ubao, chaki mkononi, naandika neno la Kiingereza ambalo sisi tulizoea kulitamka aironi, mara ile harufu ikapenya: kali, tamu kwa mbali, kama majani makavu yaliyochanganywa na majivu. Nikasahau herufi inayofuata. Wanafunzi wakadhani natafakari. Kumbe nilikuwa nimekwisha rudi Temeke, kwenye kibaraza chetu, miguu yangu mifupi ikining'inia ukingoni.

Temeke ya wakati ule ilikuwa mikorosho, nyumba za makuti, na njia za mchanga unaomeza miguu. Baba alikuwa karani bandarini. Alikwenda kazini kwa baiskeli, mguu mmoja wa suruali ameubana kwa kibanio cha nguo ili usiguse mnyororo, na mara nyingi alisahau kukiondoa hata kanisani. Sisi ni Wanyamwezi. Tulikuja kutoka Tabora nikiwa bado nabebwa mgongoni. Bibi, mama yake Baba, alitufuata baadaye. Alibatizwa uzeeni akapewa jina la Monika, akaacha mambo mengi ya zamani isipokuwa ugoro. Aliuhifadhi katika kopo dogo la bati lililowahi kuwa na vidonge, akalificha kwenye pindo la kanga yake kama mtu anayeficha dhahabu.

Jioni, jua likipungua ukali, aliingia Bi. Mwanahawa. Huyu alikuwa Mzaramo, jirani wa nyumba ya tatu, mwenye shamba la mihogo Chanika na sauti iliyotangulia mwili wake.

"Mnyamwezi, hujafa tu?"

"Nife nimwachie nani kazi ya kukuvumilia?" Bibi alijibu bila kuinua uso. "Na mihogo yako hiyo rudi nayo. Hata nguruwe wa Chanika wameikataa."

"Wazee wako walikuja pwani na pembe za tembo kichwani, wakapotea njia ya kurudi. Ndiyo maana tunataabika na nyie mpaka leo."

Kisha waliketi bega kwa bega, kopo likafunguliwa, kila mmoja akachukua chake kwa ncha ya kidole, wakapiga chafya kwa zamu. Niliambiwa kwamba hao ni watani, kwamba Wazaramo na Wanyamwezi wametaniana tangu enzi za misafara. Nililikubali jambo hilo kama nilivyokubali kwamba mbili na mbili ni nne. Sikujiuliza lina kazi gani. Kwa mtoto aliyejiuliza kila kitu, hata iwapo kuku wanajua kuwa wao ni kuku, hilo ni la ajabu kidogo.

Shuleni nilikuwa darasa la nane, shule ya kati, ambako masomo yote yalikuwa kwa Kiingereza. Aliyeteleza akasema Kiswahili alivishwa kibao shingoni, kipande cha mbao chenye kamba ya katani, akakaa nacho mpaka amkamate mwingine. Mwalimu wetu wa Kiingereza, Mwalimu Elifasi, alikuwa Mpare, mwembamba, mpole wa sauti, na hakucheka kirahisi. Muhula ule alitufundisha istilahi za lugha ya fasihi: simili, metafora, haipaboli, aironi. Tulizikariri kwa kuimba, sauti ya kwanza mpaka ya nne kama kwaya, hata wauza samaki waliopita nje wakawa wanaitikia.

"Leo mmefundishwa nini?" Bibi aliniuliza.

"Simili, Bibi."

"Inaliwa?"

"Hailiwi. Ni kusema kitu kimoja ni kama kingine."

"Basi hamna kazi," akasema, akapiga chafya.

Kukariri hakukunisumbua. Kilichoninyima usingizi ni agizo la Mwalimu Elifasi kwamba kila mmoja asimame mbele ya darasa na mfano wake mwenyewe kwa kila istilahi, si mfano wa kitabuni, si wa jirani. Asiye na mifano kamili hangeingia katika kundi ambalo Mwalimu angelipeleka kwenye mtihani wa sekondari. Wasichana tulikuwa wachache mno darasani, na Baba alikuwa amekwisha waambia wenzake wa bandarini kwamba mimi nitakwenda mbali. Aliwaambia kabla ya kuniuliza mimi.

Nilipata mifano yote isipokuwa wa aironi. Maana yake niliijua: ni kusema kinyume cha unachokusudia, na msikilizaji akakuelewa. Lakini atakuelewaje? Atajuaje kwamba si uongo, wala si utovu wa adabu? Niliamua kujaribu nyumbani. Mama alikuwa amepika kisamvu cha nazi kizuri ajabu. Nikamwambia, "Mama, chakula cha leo ni kibaya sana." Mama alinitazama, akavuta sahani yangu, akampa mdogo wangu.

Katikati ya mahangaiko hayo Bibi akaanza kukohoa. Daktari akakataza ugoro. Mama akalishika kopo, akamwaga ugoro wote jalalani mbele ya macho yangu, akalirudisha likiwa tupu. Tangu siku hiyo Bibi alilifungua kunusa tu harufu iliyobaki kwenye bati, halafu akanipa nami ninuse, kama watu wanaogawana siri. Bi. Mwanahawa alikuja kila jioni kumwambia kwamba kaburi lake ameshalichimba, anachelewa nini. Bibi alicheka mpaka kikohozi kikamkatiza.

Siku moja asubuhi hakuamka.

Baba hakulia. Aliketi nje kwenye benchi, kibanio cha nguo kikiwa bado kwenye suruali, mikono juu ya magoti. Hakujibu aliyempa pole, hakugusa chai. Wanawake walijaa ndani kwenye mikeka, wanakwaya wakaimba kwa sauti ya chini. Mie nilikuwa karibu na mlango nikiona pande zote mbili, na jambo nililoliogopa zaidi, kuliko hata maiti, ni uso wa Baba.

Ndipo alipoingia Bi. Mwanahawa. Alikuwa amejifunga kanga ya Bibi, amejikunja mgongo kama Bibi, anakohoa kikohozi kilekile cha Bibi. Nyimbo zikakatika. Katekista akakunja uso.

"Huyu mzee ni mwizi," alisema. "Kanikimbia. Nani sasa atakula mihogo yangu?" Akajilaza kwenye mkeka karibu na jeneza, akajifunika. "Mie ndiye maiti mwenzake, nilieni na mie. Mbona mnalia kama watu waliokanyagwa kidole? Lieni vizuri." Akainuka, akatoka mpaka kwa wanaume, akasimama mbele ya Baba. "Na wewe mpagazi umekaa tu? Mzigo uko ndani. Au mpaka uambiwe ni pembe ya tembo?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilisogea ili nimvute kanga, nimwombe aache, lakini Mama alinishika mkono kwa nguvu. Bi. Mwanahawa akalitoa kopo la Bibi kifuani, akalifungua kwa madaha, akachota kwa kidole, akanusa, akapiga chafya kubwa kama ya Bibi, akatoa na sauti ile ndogo ya kulalamika aliyoitoa Bibi kila baada ya chafya.

Baba akacheka. Kicheko kilimtoka kama kitu kilichokwama, kikafuatiwa na kilio, vyote pamoja, mabega yakitikisika. Wanaume wakamzunguka. Baadaye kidogo nilimwona ameshika kikombe cha chai, anakunywa.

Mimi nilimfuata Bi. Mwanahawa, nikiwa bado na hasira. Nilimkuta nyuma ya banda la kuku, peke yake, anajifuta macho kwa pindo la kanga ya Bibi. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliponiona akanikabidhi kopo. "Ugoro wa Wanyamwezi mkali," akasema. "Unawasha." Nikamwamini.

Niliporudi shuleni zamu yangu ilikuwa imenisubiri. Nilisimama nikasema simili, metafora na haipaboli kwa Kiingereza safi. Nilipofika kwenye aironi nikaanza, "Bibi yangu alikuwa na mtani," na hapohapo nikanasa, kwa sababu neno mtani sikujua Waingereza wanaliitaje, na sijalipata mpaka leo. Mtu akacheka nyuma. Mwalimu Elifasi akakichukua kibao mezani, akanivisha shingoni polepole, akasema kwa Kiswahili, "Sasa umeshakivaa. Sema."

Nikasema yote, kibao kikinigonga kifuani. Nilipomaliza na macho ya Bi. Mwanahawa yaliyowashwa na ugoro, Mwalimu aliuliza, "Hilo kopo si ulisema lilimwagwa?"

"Ndiyo, Mwalimu. Lilikuwa tupu."

"Sasa kilichomwasha macho ni nini?"

Nilisimama pale sina jibu. Mpaka leo naona aibu ya ule ukimya. Alinisubiri, kisha akanivua kibao yeye mwenyewe, akakiweka mezani. "Kaa chini, Veronika. Umepata."

Nilikwenda kwenye mtihani. Nikafaulu, nikaenda sekondari, nikavuka mpaka Uganda chuoni, nikarudi na shahada ambayo Baba ameitundika ukutani juu kuliko saa. Na miaka yote hiyo nilikuwa na wasiwasi mmoja nisioweza kumwambia mtu: kwamba Mwalimu Elifasi alinionea huruma kwa sababu nimefiwa, kwamba nafasi yangu ilikuwa sadaka. Swali lake niliona ni la kunionyesha kwamba sikutazama vizuri. Nililigeuza kichwani kwenye maktaba, kwenye treni, kwenye foleni ya chakula chuoni, nikatoka nimechoka na bila jibu. Mtu anaweza kuwaza sana mpaka akapita pembeni mwa kitu.

Siku chache baada ya asubuhi ile ya mlinzi na ugoro wake, Bi. Mwanahawa akafariki. Baba, ambaye sasa miguu haimbebi vizuri, aliniita. "Watani ni sie. Mama yako mwoga. Nenda wewe." Nikamwambia sijui la kusema. "Umesoma mpaka Uganda," akanijibu, "hujui kutukana?"

Nilifanya mazoezi njia nzima. Nilichagua maneno, nikayaacha, nikahofia kwamba nitamkosea marehemu, nikahofia zaidi kwamba hakuna atakayecheka. Nilipovuka mlango, ubani umejaa chumbani, wanawake wamebanana kwenye mikeka, maneno yote niliyoandaa yakapotea. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Mzaramo, hatimaye umekufa. Nilidhani utashindwa hata hilo kwa uvivu." Mtu akacheka ukutani, halafu mwingine. Binti yake mkubwa, ambaye walisema alikuwa hajafumbua mdomo tangu alfajiri, alijiziba uso kwa mtandio, akacheka huku analia. Nikalitoa kopo la Bibi. Nikalifungua, nikachota kisichokuwamo, nikanusa, nikapiga chafya kwa sauti ya Bi. Mwanahawa.

Kisha nikatoka haraka, nikapita uani mpaka kwenye matuta ya mihogo nyuma ya nyumba, mahali ambapo hakuna mtu. Pale, nikijifuta macho kwa pindo la kanga, ndipo nilipomjibu Mwalimu Elifasi, nikiwa nimechelewa kiasi kile, na hakuwapo wa kunisikia.

Mjukuu wa Bi. Mwanahawa, msichana mdogo mwenye nywele zilizosukwa nusu, alikuwa amenifuata. Alisimama kati ya mihogo ananitazama usoni, amenuna, maana alikuwa amenisikia nikimtukana bibi yake.

"Da Vero," akaniuliza mwishowe, "huo ugoro unawasha?"

Nikamwekea kopo mkononi.

"Unawasha sana," nikamwambia.