Mashine Iliyonyamaza Nyamitaba

Niliondoka Kibua kwa sababu ya kanuni. Shimo la mavi ya ng'ombe lilikuwa limeshajengwa, na mashine ya kutoa umeme kwa gesi ya mavi ilikuwa imefika. Tulitaka chumba cha wazazi, wanamojifungulia akina mama, kipate taa. Lakini ofisa wa mazingira alikataa kutupa ruhusa: gesi isafishwe kwanza kwa kichujio, bomba la moshi litoke nje na kupita juu ya paa, na gesi ya ziada ichomwe, isiachiliwe hewani. Kichujio hatukuwa nacho, bomba pia hatukuwa nalo. Tukasikia kwamba Papa Bahati, mfugaji wa Nyamitaba, aliwasha yake bila hayo yote. Kamati ya kijiji ikanituma nikajifunze ujanja wake.

Asubuhi nilipanda lori la mfanyabiashara mmoja wa Butembo, lililojaa mafuta ya mawese. Matope yalitukwamisha mara kwa mara. Tulipita vijiji ambavyo milango yake imefungwa na majani yameota hadi kizingitini. Vita vilikuwa vimewakimbiza wenyewe. Kutoka Masisi niliendelea kwa pikipiki, mvua ikininyeshea.

Alasiri nilifika Nyamitaba. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi migongoni mwa ng'ombe. Nyuma ya zizi, moto wa buluu uliwaka kwenye ncha ya bomba, bila sufuria juu yake. Papa Bahati alinikaribisha kwa maziwa.

"Papa, nimetoka Kibua. Nilitaka kuona namna mashine yako inatembea."

"Haitembei tena," akasema. "Iliniulia bibi, mama ya batoto yangu."

Akanipeleka kwenye kibanda cha mabati cha kukamulia, ambamo mashine ilisimama. Bomba lake la moshi liliishia mle ndani.

"Ile siku mvua ilikuwa mingi. Alifunga mulango ili mashine isilowane, akabakia anakamua mule ndani. Sumu ya ile moshi haina harufu. Nilimukuta amelalia ndoo, maziwa imemwangika yote."

Tulipotoka nje nikamuuliza kuhusu ule moto.

"Ngombe haiachi kunya. Gaz inakuja kila siku. Nikiiachilia, iko mubaya. Nikiipikia, batoto banakataa kula. Basi ninaichoma."

Asubuhi iliyofuata, nilipokuwa nikiaga, alinitolea bomba refu, jipya, lililofungwa kwa kamba.

"Nilinunua hii baada ya mazishi," akasema. "Mutaitumikisha ninyi."

Nililibeba njia nzima, juu ya pikipiki na juu ya mapipa matupu ya mawese, nalo lilikuwa baridi mikononi mwangu.

Kibua, kamati ilinisikiliza hadi mwisho. Mwenyekiti alikasirika. "Tulikutuma ulete ujanja, unatuletea kilio," akasema. Mama Sifa, mkunga wetu, ndiye aliyemkatiza: "Kaka, batu bamekufa ya kutosha. Tungojee kichujio."

Bado tunangoja. Nilichojifunza ni kwamba ile kanuni tuliyoiona kizuizi iliandikwa kwa ajili ya watu kama mke wa Papa Bahati. Nalijua hilo, na bado moyo hautulii. Jana nilipita karibu na chumba cha wazazi wakati giza linaingia. Mama Sifa alikuwa akizalisha, tochi ameishika kwa meno ili mikono yake yote miwili iwe huru.