Namba za Chaki kwenye Vifuniko vya Krenki

Enzi zetu mtoto haulizwi kama amechoka. Unarudi shule, unasalimia wakubwa, "Kamwene," unavua sare, unakula makande yaliyopoa, kisha unatafutiwa kazi. Watoto wenzangu pale Mafinga walichunga mbuzi au walichota maji. Mimi, binti wa fundi, niliosha vyuma. Wanangu nikiwasimulia wanacheka. Wao wakiosha kikombe kimoja wanataka nyumba nzima iwapigie makofi.

Gereji ya baba ilikuwa uani kwetu, mabati manne juu ya nguzo za mlingoti. Mwezi wa sita dizeli ya kuoshea ilikuwa ya baridi mpaka vidole vinakufa ganzi, lakini harufu yake niliipenda kuliko ya mandazi, Mungu anisamehe. Bloku la injini halikupelekwa Mbeya kuchongwa silinda hivihivi. Lilivuliwa kila kitu likabaki tupu, tukakwangua gasketi iliyogandia, tukasugua kutu kwenye njia za maji kwa brashi ya waya, na kwenye vitundu vya mafuta tukapitisha waya wenye kitambaa. "Bloku chafu ni aibu ya fundi, siyo ya mwenye gari," baba alikuwa anasema, na kwa hilo hakuwa na utani.

Ila alichokiogopa zaidi ni vifuniko vitano vinavyoishikilia krenki, kile chuma kirefu kinachozunguka chini ya injini. Kwa macho vinafanana, lakini kila kimoja kina mahali pake. Ukivichanganya, krenki inabanwa na injini inakufa. Kwa hiyo kabla havijaguswa na dizeli, baba alivipiga alama kwa tindo: mstari mmoja, miwili, mpaka mitano.

Siku ninayoisema, tindo ilikuwa imeazimwa na jirani. Baba mdogo Kalisti, mdogo wake baba na fundi mwenzake, akaviandika vifuniko namba kwa chaki, akavipanga kwenye ungo wa mama. Chaki yenyewe niliiba mimi shuleni. Halafu akaenda kula, na baba akaenda kuifuata tindo yake. "Tuma, osha bloku," aliniagiza. "Vifuniko usiguse."

Niliviosha. Nilitaka sifa tu, hakuna kingine. Nilivisugua vikang'aa, na nilipovirudisha kwenye ungo hakuna hata kimoja kilichokuwa na namba. Jamani! Nikachukua chaki, nikaandika moja mpaka tano kwa kubahatisha, kwa mwandiko ule ulionipa zawadi ya daftari darasa la nne.

Baba aliporudi aliguna. "Si nilisema usiguse? Namba je?"

"Ni zilezile za baba mdogo. Niliosha kwa kuzikwepa."

Akacheka, akanishika kichwa. "Huyu atakuwa fundi." Kisha akapiga tindo juu ya namba zangu, akaanza na cha kwanza. Nilikuwa na nafasi ya kusema mara tano nzima, nikakaa kimya.

Bloku likaenda Mbeya kwa basi, likarudi limechongwa. Wakati wa kufunga, baba mdogo alisema krenki inageuka kwa uzito. Baba akamjibu, "Vyuma vipya hivyo, vitalainika." Lori lenye injini ile halikufika Igowole. Lilikwama njiani na viazi vya watu, na walipoifungua injini krenki ilikuwa imeungua. Baba akavijaribu vifuniko kimoja kimoja, akagundua kwamba mpangilio haukuwa sahihi.

"Kali! Uliandika namba na ulanzi kichwani?"

Baba mdogo alikunywa siku ile, kweli, vikombe viwili. Lakini alikunywa alipokwenda kula, namba zilikuwa zimeshaandikwa. Niliyelijua hilo kwa uhakika ni mimi, na nilikuwa nimesimama mlangoni nikimenya kiazi. Yeye alijitazama mikono, akafikiri, akashindwa kukumbuka. Akapiga magoti mbele ya kaka yake. "Labda ni mimi, kaka. Nisamehe."

Wiki ileile aliondoka kwenda Makongolosi kuchimba dhahabu. Spana hakushika tena. Baba alifariki akiamini kwamba mdogo wake ni mlevi aliyemharibia jina, na mimi nilisimama kaburini nikalia kama mtoto mwema.

Naandika haya uso ukiniwaka. Siku hizi mafundi wanapiga picha kila bolti kwa simu kabla ya kulifungua, na wazee wa rika langu tunawacheka kwamba hawana vichwa. Nilikuwa nawacheka na mimi. Picha moja tu ingemwokoa baba mdogo.

Mwaka huu nilimfuata Igowole, alikorudi kulima. Ulanzi aliacha zamani, na kanisani husimama akashuhudia jinsi pombe ilivyoua injini ya kaka yake. Nikapiga magoti kwenye mkeka wake, nikamweleza yote, chaki, dizeli na uongo wangu. Nilitegemea atanifukuza, na ningeona haki.

"Kwa hiyo niliandika sawa?"

"Sawa kabisa, baba mdogo."

"Na mimi mikono hii nimeiogopa miaka yote."

Uani mjukuu wake alikuwa anafungua injini ya pikipiki, simu imesimamishwa kwenye tofali inarekodi. Mzee akainuka, akamwendea. "Hebu nipe hiyo spana."

Akaishika vizuri, kama zamani. Akaitega kwenye nati, akavuta. Spana ikateleza. Akajaribu tena, na tena. Mjukuu akazima simu, akamwambia kwa heshima, "Lete, babu, utajiumiza." Mzee akampa.